Mserereko wa Mjukuu

Mzee Asajile wa Kisondela alikuwa na miaka sitini na mbili, jino moja la mbele pungufu, na siri. Siri yenyewe ilikuwa nyuma ya migomba yake: mteremko uliofyekwa vizuri, upana wa mikeka miwili, kuanzia juu kwenye mparachichi hadi chini kabisa kwenye magimbi, inakopita njia nyembamba ya kwenda mtoni. Aliufyeka kwa siku nne akidai anawakatia ng'ombe majani. Ng'ombe walishiba mpaka wakaanza kuyanusa na kuyaacha.

Mteremko ule ulikuwa wa mjukuu. Mjukuu mwenyewe alikuwa bado hajazaliwa. Alikuwa na miezi saba tumboni mwa Sekela, mke wa Ackson, mtoto wa mwisho wa mzee. Lakini mzee alikwisha kumpangia mambo yake yote. Mvua ikinyesha na nyasi zikilowa, mtoto angekalishwa juu ya gamba bichi la mgomba, angeshika ncha yake kwa mikono miwili, angesukumwa, na hapo angeijua dunia. Baadaye angefundishwa kutengeneza filimbi ya bua la jani la boga. Baadaye tena, kumbikumbi: namna ya kuwavizia wakitoka ardhini, kuwang'oa mabawa na kuwala wengine wakiwa wabichi kabla mama hajaja na sufuria. Kila alipoyafikiria haya mzee alicheka peke yake, na kijijini mtu anayecheka peke yake hasahauliki midomoni mwa majirani.

Zamani hakuwa mtu wa kucheka. Kwa miaka ishirini alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha ushirika, na kahawa yote ya Kisondela ilipita chini ya jicho lake. Alitembea mikono nyuma. Alikohoa kabla ya kusema. Kisha ikaja miaka hii ya ruksa, wanunuzi binafsi wakapanda mlima na mizani zao mgongoni mwa pikapu, wakalipa papo kwa papo, na chama kikabaki na ghala la popo. Watu walimpa pole mzee kama aliyefiwa. Hawakujua kwamba soko huria lilipomnyang'anya mizani lilimwachia kitu ambacho hajawahi kuwa nacho tangu aoe, nacho ni nafasi ya kupumua.

Tatizo lilikuwa moja tu. Jumatatu inayofuata lori la ndizi lingekuja kumchukua Ackson, Sekela, kitanda chao na tumbo la miezi saba, liwapeleke Mbeya mjini.

*

Jambo lenyewe lilivyotokea, hakuna aliyedanganya. Ackson aliuza mitumba Tukuyu, akaona wenzake wanahamia Mbeya ambako marobota yanafunguliwa, akapata kibanda sokoni na chumba cha kupanga. Akamwambia baba yake. Mzee aliumia moyo, lakini mtu aliyekuwa karani haombi. Alimwambia mkewe, Bibi Tulinagwe, "Mimi ningependa mtoto azaliwe hapa, nimlee na mimi. Lakini kama wao wanaona heri kwenda, basi waende kwa amani. Kamwambie mkamwana hivyo."

Ilibidi atume kwa sababu yeye na Sekela hawakuwa wanaongea. Si kwa ugomvi, hasha. Ni mkwe na mkamwana, na nyumba ile ilishika mila kuliko nyumba nyingine zilizokwisha kulegea. Mwaka mmoja na nusu tangu aolewe, Sekela hajamtazama baba mkwe wake usoni. Akisikia kikohozi chake anaingia migombani. Akienda kisimani anapita njia ya chini ili asikatize uwanja wake. Mzee naye akisikia kicheko cha mkamwana jikoni anaondoka na kigoda chake. Sekela alimjua mkwewe kwa kofia na kwa kikohozi. Mzee alimjua mkamwana kwa chumvi ya mboga. Na yote ya kuambiana yalipita kwa Bibi Tulinagwe.

Sasa Bibi Tulinagwe alikuwa mwanamke mwema mwenye kazi nyingi, na mwenye kazi nyingi hufupisha. Siku ile alikuwa na chungu motoni. Akaingia jikoni akasema, "Mzee amesema mwende."

Sekela alihisi kama amemwagiwa maji. Akasema, "Mama, mimi nilitaka mtoto wangu akulie hapa hapa. Lakini kama baba ndiyo amesema twende, mimi ni nani?"

Bibi akarudi barazani. "Amesema wanakwenda," akamwambia mumewe, akakimbilia chungu chake.

*

Jumamosi ile asubuhi ukungu ulikuwa umelalia migomba na manyunyu hayakatiki, hali ya kawaida ya Rungwe ambapo jua ni mgeni anayepiga hodi saa sita na kuaga saa nane. Jikoni Sekela alikuwa anamenya ndizi na kucheka. Tumbo lilikuwa limecheza.

"Umeona huyo? Ameruka!" alimwambia mumewe. "Huyu ni wa kuserereka. Mimi kwetu Nkunga wavulana walikuwa hawanifikii. Nilikuwa najilaza kabisa, hivi, chali, gamba linakwenda lenyewe. Nitamfundisha kulala chali."

"Mbeya kuna bembea," alisema Ackson huku akifunga kamba za viatu. "Za chuma. Pale karibu na uwanja."

"Bembea inakwenda mbele inarudi nyuma. Hiyo ni safari gani?"

"Ni ya usalama."

"Mume wangu, mtoto wangu atateleza wapi? Kwenye lami?"

Ackson alicheka kidogo, akaacha. "Mambo ya kuteleza, Sekela, mimi siyapendi. Tumekwisha kubaliana. Na baba mwenyewe amesema twende, si umesikia?"

Sekela alirudia ndizi zake, maana hilo alilisikia vizuri mno. Lakini hakuwa mtu wa kukaa na huzuni, jina lake lenyewe kwa Kinyakyusa ni furahi, na kabla ndizi hazijaisha kumenywa alikuwa ameanza tena kumwimbia tumbo.

Saa tatu nyumba ikatawanyika. Bibi Tulinagwe alijitwisha mkungu kwenda sokoni. Ackson alikwenda Tukuyu kuonana na Ezron, dereva wa lori. Sekela alichukua mwavuli wa bluu kwenda zahanati kupimwa. Mzee Asajile, akiwa kwenye zizi, aliwahesabu wakipungua: mmoja, wawili, watatu. Mwavuli wa bluu ulipopotelea kwenye ukungu, alitupa panga chini akaenda migombani kuchagua gamba.

*

Alijiambia kwamba ni ukaguzi. Mtu hawezi kumweka mtoto wa watu kwenye mteremko ambao haujapimwa. Huenda kuna kisiki. Huenda kuna jiwe. Nani atajua? Ni lazima mtu mzima, mwenye uzoefu, apite kwanza. Alibandua gamba pana la mgomba uliokwisha kukatwa mkungu, bado linachuruzika maji, akalipandisha hadi kwenye mparachichi, akalilaza, akatazama kushoto, akatazama kulia, akakaa. Suruali yake ilikuwa ya kaki, ile ile ya enzi za mizani.

Kwa muda kidogo aliona aibu. Mtu mzima ovyo, alijisemea. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akajisukuma.

Ee, jamani! Miaka hamsini ilikuwa imemngoja pale mlimani. Nyasi zilipita zikipiga filimbi, matone yakamwingia puani, tumbo likabaki juu kwenye mparachichi na yeye akaendelea bila tumbo. Kofia iliruka. Mzee Asajile, aliyekuwa karani wa mizani, alifungua mdomo na kuanza kuimba kwa sauti ya juu wimbo wa watoto ambao hakujua kama bado anaukumbuka. Aliimba mpaka alipogundua kwamba magimbi yanakuja kwa kasi na kwamba, katika hesabu zake zote, hakuwahi kufikiria namna ya kusimama.

Wakati huo huo Sekela alikuwa anarudi. Amefika nusu ya safari, akapapasa kifuani, kadi ya kliniki haipo. Akageuka. Na kwa kuwa ni mkamwana mwenye adabu, hakupita njia ya juu iliyo karibu. Alipita njia ya chini, ile ya magimbi, ambayo haipiti karibu na baba mkwe.

Alisikia wimbo kwanza. Kisha mbele yake magimbi yalipasuka na mtu akatokea kwa makalio, akakatiza njia, akagonga ukingo wa mfereji na kutua hatua tatu kutoka miguuni pake.

Sekela aliangusha mwavuli, akavuta kanga akajifunika kichwa chote, akageukia mlimani. Mzee alinyakua jani la gimbi akajifunika uso. Wakabaki hivyo, mmoja amegeukia huku, mwingine amejificha kule, na manyunyu yanaendelea. Hakuna hata mmoja aliyejua la kufanya, kwa sababu mila iliwafundisha namna ya kukimbiana, haikuwafundisha namna ya kugongana.

Mzee alijaribu kuinuka. Kifundo cha mguu kikakataa. "Kyala wangu!" akamlilia Mungu kwa maumivu.

Sekela alisikia. Kusema naye hawezi. Kumgusa ndiyo kabisa. Kukimbia na kumwacha mzee mzima mferejini, hilo nalo moyo ulikataa. Akaangaza macho ndani ya kanga, akaona mbuzi jike amefungwa kando ya njia, anatafuna, anatazama yote bila wasiwasi.

"Wewe mbuzi," alisema Sekela. "Hebu uliza kama kuna mtu ameumia."

Sauti ikatoka nyuma ya jani la gimbi. "Mbuzi, mwambie huyo anayeuliza apite zake. Hapa hakuna mtu."

"Mbuzi, mimi nimeona kitu kimeshuka."

"Mwambie ni mkungu wa ndizi umeanguka."

"Mbuzi," alisema Sekela, na sasa alikuwa anajiuma kanga, "mwambie mikungu ya kwetu haiimbi."

Mzee alilivuta jani la gimbi likafika kidevuni. Alikuwa analoa, mguu unavimba, suruali imechanika nyuma na matope yameingia mahali ambapo hayakualikwa. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Na pamoja na hayo yote, Mungu amsamehe, alikuwa bado ana furaha.

"Mbuzi," akasema mwisho kwa unyonge, "mwambie mguu umeteguka."

*

Kumbeba asingeweza, na mzee asingekubali. Sekela alitafuta, akauona mwanzi mrefu wa kuangulia maparachichi umeegemezwa kwenye mti kando ya njia. Akaushika ncha moja, ile nyingine akaielekeza nyuma bila kugeuka. Kamba ya mbuzi akaifunga mkononi, maana bila mbuzi wasingeweza kuongea. Safari ikaanza: mbele mbuzi, kisha mjamzito aliyejifunika, kisha mwanzi, kisha mzee anayeruka kwa mguu mmoja na jani la gimbi kichwani.

"Mbuzi, mwambie asikaze mwendo, ana mzigo tumboni."

"Mbuzi, mwambie mzigo hauna shida. Muulize, ule mteremko amefyeka wa nini?"

"Majani ya ng'ombe."

"Mbuzi, mwambie ng'ombe hawakalii magamba ya migomba."

Mzee aliruka hatua mbili, tatu. Alikuwa amechoka kuficha. "Mwambie ni wa mjukuu," alisema. "Nilisema labda siku moja watamleta likizo. Hata kwa wiki moja. Mtoto lazima aserereke, mbuzi. Asiyeserereka atakua vipi?"

Sekela alisimama ghafla, mwanzi ukamchoma mzee tumboni.

"Mbuzi! Si yeye aliyesema twende?"

"Nani? Mimi?"

"Si alisema twende!"

"Mimi nilisema ningependa azaliwe hapa! Nimlee na mimi! Nikasema kama wao wanaona heri kwenda... Wewe ndiye uliyesema unakwenda!"

"Mimi nilisema nataka akulie hapa! Nikasema kama baba ameamua..."

Hapo wote wawili wakagundua kwamba mbuzi amesahauliwa. Sekela alijifunika upya kwa haraka. Mzee alikohoa. Lakini kicheko kilikwisha kuingia tumboni mwa Sekela, kikaanza kusukuma, kikatoka puani kwanza, kisha mdomoni, mpaka akaegemea mgomba, na mtoto ndani akaanza kuruka kwa fujo. Nyuma yake akamsikia mzee naye anacheka, kicheko cha mtu mwenye jino pungufu, kinachopiga mluzi. Siku zote hizo wamekaa uwanja mmoja, kila mmoja akimlilia mwenzake kwa siri, kwa sababu ya chungu cha ndizi kilichokuwa kinataka kuungua.

Ndivyo alivyowakuta Mzee Lazaro wa kanisa. Alitokea kwenye kona na Biblia kwapani, akaona mkwe na mkamwana, kwenye njia moja, wameshika mwanzi mmoja, wanacheka. Alisimama. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Kisha akapita pembeni bila kutoa salamu, na kwa mwendo wake ilikuwa dhahiri kwamba habari hiyo haitalala kwake.

*

Saa kumi jioni Lazaro alikuwa barazani kwa Asajile, amekaa wima. Mzee alikuwa ameweka mguu kwenye beseni la maji ya moto na chumvi. Bibi Tulinagwe alikuwa amerudi kutoka sokoni na kusikia habari njiani mara tatu, kila mara ikiwa imenenepa. Ackson alifika mwisho, ameshamalizana na dereva. Sekela alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni, mahali pake pa haki, sikio likiwa kwenye ufa.

"Ndugu Asajile," alianza Lazaro, "sisi ni wazee. Mkwe na mkamwana kushikana..."

"Hatukushikana. Tulishika mwanzi."

"Mwanzi mmoja."

"Mrefu," alisema mzee. "Wa maparachichi."

"Ilikuwaje mpaka mkafikia kushika mwanzi?"

Hapo palikuwa pagumu. Mzee alimtazama Lazaro, akautazama mguu wake, akamtazama mkewe ambaye macho yalikuwa yamesimama. Aachie heshima ya nyumba iende, au aachie ya kwake? Akachagua.

"Nilikuwa naserereka," akasema.

"Unafanya nini?"

"Kwenye gamba la mgomba. Kutoka kwenye mparachichi. Nikaanguka mbele ya mkamwana. Kosa ni langu, yeye alijifunika vizuri, aliongea na mbuzi tu."

Kilipita kimya ambacho Bibi Tulinagwe alikisimulia kwa miaka mingi. Lazaro alikunja uso. Alifungua mdomo kukemea, akaufunga. Mwisho akainama mbele na kuuliza kwa sauti ya chini, "Ulifika wapi?"

"Nilivuka njia."

"Uongo! Hata enzi zetu hakuna aliyevuka njia!"

"Kaulize mbuzi."

Bibi Tulinagwe aliangua kicheko, nyuma ya mlango Sekela akajibu kwa kicheko chake, na Lazaro, baada ya kupigana nafsini kwa muda, akaomba aonyeshwe gamba lenyewe ni la mgomba gani. Kisha mzee akaeleza habari ya ujumbe uliofupishwa, na Bibi akajishika mdomo. "Mwe! Mimi nilipunguza maneno tu," alisema. "Sikuongeza hata moja!" Akaomba radhi kwa mumewe, akaufungua mlango wa jikoni kidogo, akaomba radhi huko pia. Ilikuwa kama siku ya harusi.

Ackson peke yake hakucheka.

"Kwa hiyo sasa mnataka tubaki," alisema. "Kibanda nimeshapata. Ezron nimeshamwambia Jumatatu."

"Hakuna anayekulazimisha, gwe Ackson," alisema mzee. "Sisi tumefurahi tu kwamba..."

"Siku nne ulikuwa unafyeka?"

"Nne."

"Mlima mzima?"

"Ni mteremko mdogo tu, mwanangu."

Ackson alisimama. Alikuwa kijana mpole, asiyezoea kupaza sauti mbele ya baba yake, na sauti ilipotoka ilimshangaza mwenyewe.

"Baba, umemfyekea mtu ambaye hata hajazaliwa. Mimi nilizaliwa hapa. Miaka ishirini na saba. Unakumbuka nilivyoserereka pale nikiwa darasa la pili? Nikachana kaptula ya shule? Ulinichapa mbele ya watu waliokuja kupima kahawa. Ulisema mtoto wa karani hachezi kwenye matope. Sijakanyaga pale tena mpaka leo. Na leo wewe ndiye unayeserereka. Unaimba! Mimi sijawahi kukusikia unaimba hata siku moja."

Lazaro alitazama Biblia yake. Nyuma ya mlango Sekela aliweka mkono tumboni, na kwa mara ya kwanza alielewa kwa nini mume wake alikuwa anaipenda sana Mbeya.

Mzee alikaa na mguu wake kwenye beseni. Alikumbuka kaptula. Alikumbuka fimbo, na foleni ya wakulima, na jinsi alivyojiona mkubwa siku hiyo. Alikohoa, lakini safari hii hakikuwa kile kikohozi cha karani.

"Nilidhani baba haruhusiwi," alisema.

"Haruhusiwi nini?"

"Kucheza. Nilikuwa natamani. Nilikuwa nakuona na wenzako mnapita na magamba, natamani kweli kweli. Lakini nilikuwa na mizani, watu wananitazama. Nikadhani baba wa watu haruhusiwi." Akautoa mguu majini. "Mjukuu ndiye aliyeniletea kisingizio. Nisamehe, mwanangu."

Ackson alibaki amesimama katikati ya baraza, hajui mikono aiweke wapi. Nje manyunyu yalikuwa yamekatika, na jua, ambalo kwa kawaida huaga mapema, lilikuwa limerudi kuchungulia juu ya migomba.

"Bado kuna mwanga," alisema mzee.

"Mguu huo utakwenda nao wapi?"

"Kupanda ndiyo siwezi. Kushuka hakuhitaji mguu."

Ackson alimtazama baba yake. Akavua viatu vyake vya mtumba, vizuri, akaviweka pamoja ukutani. Kisha akamgeuzia mzee mgongo na kuchuchumaa. "Panda basi," alisema.

Wakaenda, mtoto amembeba baba, Lazaro nyuma yao ameshika gamba, ambalo alisisitiza kulichagua mwenyewe, na Bibi Tulinagwe akipiga kelele kuhusu suruali. Sekela hakuvumilia. Alipita upande wa migomba, kanga kichwani kwa heshima, akasimama pembeni ya mparachichi kwa umbali wa adabu. Waliketi kwenye gamba: Ackson mbele, mzee nyuma, mikono ya mzee imemzunguka mwanawe kiunoni. Ilikuwa mara ya kwanza kumkumbatia tangu akiwa mchanga, na wote wawili walilijua hilo.

"Jumatatu nitakwenda peke yangu," alisema Ackson bila kugeuka. "Kitanda kibaki. Nitakuwa narudi Jumamosi."

"Sijakuuliza."

"Najua. Ndiyo maana nimekwambia."

Lazaro akawasukuma kwa nguvu zote za mzee wa kanisa. Walikwenda. Nyasi zilikuwa zimelowa sawasawa, na watu wawili ni wazito kuliko mmoja, kwa hiyo walikwenda kwa kasi ambayo Kisondela haikuwahi kuiona, mmoja anapiga yowe na mwingine anaimba, wakapotelea kwenye magimbi. Ikasikika pu! Kisha kimya.

"Wamekufa?" aliuliza Bibi Tulinagwe.

Magimbi yalitikisika. Ikatoka sauti ya Ackson, lakini haikuwa sauti ya muuza mitumba wa miaka ishirini na saba anayehamia mjini. Ilikuwa nyembamba na imekatika kwa kukosa pumzi.

"Tena," alisema. "Baba, tena!"

Sekela alicheka mpaka machozi, mikono yote miwili tumboni, huku mtoto anampiga mateke ya kudai haki yake. Ndipo mzee Asajile, matope mpaka kwenye nyusi, alipoinua kichwa juu ya majani, akasahau mbuzi, akasahau kikohozi, akamwita mkamwana wake kwa jina lake.

"Sekela, mwanangu! Mwambie huyo wa tumboni asubiri. Kuna mtu mbele yake kwenye foleni."